Kasri la Pierrefonds kama Matini: Uhakiki wa Masimulizi ya Ngome, Gofu na Urejeshaji, Karne ya 14 hadi ya 19

Ikisiri

Uhakiki huu unachunguza namna historia ya kasri la Pierrefonds, lililopo kijijini kaskazini mwa Ufaransa, inavyosimuliwa na jengo lenyewe pamoja na maandishi yanayolihusu. Simulizi lililozoeleka huanza kwa mwasisi wa kasri, likapita haraka kwenye uharibifu wake, kisha likahitimishwa kwa urejeshaji wa karne ya 19 kana kwamba jengo limerudi lilipotoka. Hoja kuu ya uhakiki huu ni kwamba simulizi hilo linaficha mambo mawili: kwanza, kipindi cha ugofu ni kirefu kuliko kipindi cha matumizi ya ngome, pili, jengo linaloonekana leo ni matini ya karne ya 19 inayoizungumzia karne ya 14. Aidha, inaoneshwa kwamba wale wanaoliita kasri hilo bandia wanafanya kosa lilelile kwa upande wa pili. Kasri la Coucy limetumika kama kipimo cha ulinganishi.

1.0 Utangulizi

Pierrefonds ni kijiji kilichopo katika mkoa wa Oise, kwenye ukingo wa msitu wa Compiègne, kaskazini-mashariki mwa Paris. Juu ya mwinuko ulio katikati ya kijiji hicho limesimama kasri lenye minara minane, kuta ndefu na paa zilizochongoka. Mgeni anayelitazama kwa mara ya kwanza huamini kwamba anatazama Enzi za Kati zikiwa nzima. Imani hiyo ndiyo iliyowavutia watengenezaji wa tamthilia ya runinga ya Kiingereza *Merlin*, iliyorushwa kati ya 2008 na 2012, kulitumia kasri hili kama makazi ya Mfalme Arthur. Hivyo, jengo lililokamilishwa katika karne ya treni na telegrafu limekuwa sura ya ufalme wa ngano.

Jambo hili si la mzaha kwa mtafiti. Kasri linapochukuliwa kuwa shahidi wa karne ya 14, picha zake huingia katika vitabu, na vitabu hivyo huzalisha hoja kuhusu ulinzi, makazi na maisha ya makabaila. Kama shahidi mwenyewe amefundishwa la kusema miaka 450 baada ya tukio, ushahidi wake hauna budi kupimwa upya. Kwa mantiki hiyo, swali linaloongoza uhakiki huu ni hili: kasri la Pierrefonds ni ushahidi wa nini, na wa wakati gani?

2.0 Istilahi na Mkabala

Kabla ya kujibu swali hilo, ni muhimu kutazama istilahi. Neno la Kifaransa *château* hubeba dhana mbili ambazo Kiswahili huzitenganisha. *Ngome* ni jengo la kujihami. *Kasri* ni makazi ya mtawala na mahali pa kuoneshea fahari yake. Kifaransa huhitaji kuongeza kivumishi ili kuitaja ngome pekee. Hata hivyo, utengano wa Kiswahili nao si mkamilifu. Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, ambayo nayo ni ya karne ya 14, ina jina linalotokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ngome, ilhali mabaki yake yanaonesha makazi ya kifalme yenye kumbi na birika la kuogea. Majina ya majengo, kwa hiyo, hayaelezi kila mara kazi za majengo hayo.

Utengano huu una faida ya kiuchambuzi. Unamwezesha mhakiki kuuliza, katika kila kipindi, iwapo Pierrefonds ilikuwa ngome, kasri, au kitu cha tatu ambacho si ngome wala si kasri, yaani gofu. Katika uhakiki huu neno *kasri* linatumika kama jina la jumla, na *ngome* inapotajwa imekusudiwa kwa maana yake mahususi.

Mkabala unaotumika unaegemea mawazo ya Alois Riegl, mwanahistoria wa sanaa wa Austria, aliyechapisha mwaka 1903 uchambuzi wake kuhusu heshima ambayo jamii za kisasa huipa minara ya kumbukumbu na majengo ya kale. Riegl alitofautisha thamani ya kihistoria, ambayo hulitazama jengo kama hati ya wakati fulani, na thamani ya umri, ambayo hutokana na alama za kuchakaa zinazoonekana kwa macho ya mtu yeyote. Thamani hizo hugongana. Anayetaka hati kamili atataka kuzuia uchakavu au hata kuuondoa. Anayependa umri ataona kwamba kuuondoa uchakavu ni kuiua kumbukumbu yenyewe. Pierrefonds ni mahali ambapo mgongano huo ulitokea kwa mawe na kwa fedha, miongo kadhaa kabla Riegl hajaupa majina.

3.0 Ngome ya Mwanamfalme: 1407 kama Mpaka

Ngome ilikuwapo Pierrefonds tangu karne ya 12, lakini jengo linalohusika hapa lilianzishwa mwishoni mwa karne ya 14 na Louis, Mtemi wa Orléans, ndugu wa Mfalme Charles VI. Mfalme alikuwa akishikwa na vipindi vya wazimu, na pengo hilo la madaraka liligombewa na jamaa zake. Louis alijijengea nguvu katika eneo la Valois na jirani zake: alijenga Pierrefonds, akaanzisha kasri la La Ferté-Milon, na mwaka 1400 akanunua Coucy. Majengo hayo yakitazamwa pamoja kwenye ramani, si makazi ya mapumziko. Ni mfumo wa kuidhibiti nchi iliyo kaskazini mwa Paris.

Tarehe 23 Novemba 1407 Louis aliuawa katika mtaa wa Paris kwa amri ya binamu yake, John wa Burgundy. La Ferté-Milon halikukamilishwa kamwe. Ukuta wake wa mbele umesimama hadi leo bila jengo nyuma yake. Tukio hili mara nyingi husimuliwa kama kisa cha kusikitisha pembeni mwa historia ya usanifu. Uhakiki huu unalichukulia kuwa ndilo kiini. Pierrefonds lilijengwa kutokana na ugomvi wa madaraka, na ugomvi huohuo ukamwondoa mwenyewe kabla ya kuzitumia nguvu alizozijenga. Kasri, tangu mwanzo, lilikuwa dai ambalo halikupata muda wa kuthibitishwa.

Ubunifu wa kijeshi wa jengo hilo hata hivyo haupaswi kupuuzwa. Kuta zilipewa njia za walinzi za ngazi mbili, moja juu ya nyingine, zenye matundu ya kudondoshea mawe juu ya adui aliyefika chini ya ukuta. Minara minane ilipewa majina ya mashujaa wa orodha iliyopendwa sana wakati ule: Arthur, Alexander, Charlemagne, Julius Caesar, Hector, Joshua, Judas Maccabeus na Godfrey. Orodha hiyo inachanganya wapagani, Wayahudi na Wakristo, na kumweka mwenye ngome katika nasaba ya kubuni inayovuka dini na karne. Kwa hiyo hata ngome ya asili ilikuwa ikisimulia zaidi ya ilivyokuwa ikilinda. Hoja hii itarejewa, kwa kuwa wanaomlaumu mrejeshaji wa karne ya 19 kwa kubuni nasaba husahau kwamba mwasisi naye alifanya hivyo.

4.0 Gofu: Kipindi Kinachorukwa

Mwanzoni mwa karne ya 17 kasri lilikuwa mikononi mwa familia ya d'Estrées, iliyojiunga na kundi la makabaila wasioridhika lililoongozwa na Mwanamfalme wa Condé. Richelieu, aliyekuwa waziri wa Louis XIII mwenye dhamana ya vita, alituma jeshi; kasri likazingirwa na kutwaliwa mwaka 1617. Likaamriwa kubomolewa. Ngome za nje zilisawazishwa, paa zikaondolewa, na minara na kuta zikatobolewa. Kazi haikukamilishwa kwa sababu jengo lilikuwa kubwa kupita kiasi.

Tendo hili lilikuwa la kisiasa kwa maana kamili. Dola iliyokuwa ikijikusanyia madaraka haikuhitaji kulifuta jengo. Ilihitaji lionekane limeshindwa. Ukuta uliotobolewa ulikuwa tangazo lililosomwa na kila kabaila aliyepita njia hiyo. Kwa hiyo gofu la Pierrefonds halikuwa matokeo ya uzee wala ya uzembe. Lilitengenezwa makusudi, na lilikuwa na maana.

Masimulizi mengi hupita hapa kwa sentensi mbili tatu. Hesabu ndogo inaonesha uzito wa kosa hilo. Tangu kuuawa kwa Louis hadi kutwaliwa kwa kasri ni miaka 210. Tangu kutwaliwa hadi kuanza kwa urejeshaji mwaka 1858 ni miaka 241. Pierrefonds limekuwa gofu kwa muda mrefu kuliko lilivyokuwa ngome. Katika muda huo liliishi maisha mengine. Napoleon I alilinunua kwa bei isiyofika faranga 3,000, kiasi kinachodhihirisha kwamba hakuna aliyeliona tena kama silaha. Mwaka 1832, Louis-Philippe alipomwoza binti yake Louise kwa Leopold I wa Ubelgiji huko Compiègne, magofu yalitumika kwa karamu. Mchoraji Corot aliyachora. Alexandre Dumas, mzaliwa wa Villers-Cotterêts iliyo jirani, alimpa mhusika wake Porthos umiliki wa Pierrefonds katika riwaya *Vingt ans après* ya mwaka 1845.

Mifano hii inaonesha mageuzi ya upokezi. Kilichokuwa tangazo la ushindi wa mfalme kikawa mandhari ya kupendeza, na fimbo ya dola ikageuka pambo la karamu ya dola. Thamani ya umri, kwa maana ya Riegl, ilizaliwa hapa, na ilizaliwa kwa gharama ya kusahau ni nani aliyezitoboa kuta na kwa nini.

5.0 Urejeshaji: Kutoka Ukarabati hadi Ubunifu

Louis-Napoléon Bonaparte alilitembelea gofu mwaka 1850 akiwa rais aliyechaguliwa. Desemba 1851 alipindua katiba, na mwaka uliofuata akawa Kaizari Napoleon III. Mwaka 1857 alimkabidhi Eugène Viollet-le-Duc, msanifu mashuhuri wa majengo, kazi ya Pierrefonds. Mpango wa mwanzo ulikuwa wa kiasi: kukarabati mnara mkuu na vyumba vinavyoweza kukalika, na kuyaacha magofu mengine yabaki kama mandhari. Mwaka 1861 mpango huo ulibadilika. Sasa kasri zima lilitakiwa kujengwa upya liwe makazi ya kifalme. Gharama zilifikia faranga milioni 5, na milioni 4 kati ya hizo zilitoka katika fungu alilotengewa Kaizari na dola.

Badiliko la mwaka 1861 ndilo linalostahili uchambuzi, kwa kuwa lilibadilisha aina ya kazi wala si ukubwa wake pekee. Mkarabati hujibu mahitaji ya jengo lililopo. Mbunifu hujibu mahitaji ya mteja. Viollet-le-Duc hakulificha jambo hili. Katika juzuu ya nane ya kamusi yake ya usanifu wa Kifaransa, iliyotoka mwaka 1866 wakati kazi ya Pierrefonds ikiendelea, alieleza kwamba kurejesha jengo si kulitunza wala kulitengeneza palipoharibika, bali ni kulifikisha kwenye ukamilifu ambao huenda haukuwahi kuwapo wakati wowote. Wahakiki wengi wameichukua kauli hiyo kama ungamo la mkosaji. Ni sahihi zaidi kuichukua kama kanuni ya utanzu: msanifu anatangaza mapema kwamba anachokitunga ni matini mpya yenye vyanzo vya kale.

Upande wa pili wa mjadala uliwakilishwa mapema na John Ruskin wa Uingereza. Katika kitabu chake *The Seven Lamps of Architecture* cha mwaka 1849, alishikilia kwamba urejeshaji ni uharibifu mkubwa kuliko wote, kwa sababu uhai wa mawe uliotiwa na mkono wa fundi hauwezi kurudishwa. Hoja ya Ruskin ina nguvu, na Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 uliifuata kwa kiasi ulipoagiza kwamba urejeshaji ukome pale dhana tupu inapoanza. Kwa kipimo hicho, sehemu kubwa ya Pierrefonds ilivuka mpaka.

Hata hivyo, hukumu ya jumla haitoshi. Sehemu za chini za kuta na minara ni za asili. Njia za walinzi za ngazi mbili zilijengwa upya kwa kufuata mabaki yaliyosimama. Ndani ya ua, kinyume chake, kuna baraza zenye matao yanayofanana zaidi na makasri ya Mwamko kuliko ngome ya mwaka 1400. Hivyo, jengo lina viwango tofauti vya uhakika: nje na chini, ushahidi ni mzito, ndani na juu, ubunifu umetawala. Mtafiti anayesema Pierrefonds ni la kweli na yule anayesema ni la uongo wote wamelichukulia jengo kama kauli moja, wakati lina kauli nyingi.

6.0 Sanamu kama Maelezo ya Pambizoni

Ushahidi bora kwamba mrejeshaji alijua anachokifanya umo katika sanamu. Ukumbi mkubwa wa mashujaa wa kike, wenye urefu wa mita 52, ulitengenezwa kwa ajili ya mkusanyiko wa silaha na deraya za Napoleon III. Juu ya bomba la moshi wamesimama mashujaa tisa wa kike. Semiramis, malkia wa ngano za Mashariki ya kale, amepewa sura ya Eugénie, mke wa Kaizari, na wenzake wamepewa sura za mabibi wa ikulu. Kwenye lango la kanisa dogo, Mtakatifu Yakobo aliyevaa kama hujaji ana uso wa Viollet-le-Duc mwenyewe. Juu ya madirisha ya paa wamekaa paka wa mawe katika mikao mbalimbali.

Sanamu hizi zinasomeka kwa namna mbili. Kwa namna ya kwanza ni ubembelezaji wa mteja: utawala uliopatikana kwa mapinduzi unajitafutia mababu. Louis alijifungamanisha na Hector na Charlemagne. Napoleon III alijifungamanisha na Louis. Namna ya pili ni ngumu zaidi. Mtu anayetaka kudanganya hawezi kuweka uso unaojulikana na kila mgeni wa ikulu kwenye sanamu ya malkia wa kale. Sura ya Eugénie ni tarehe iliyochongwa. Inamwambia msomaji makini kwamba ukumbi huu ni wa miaka ya 1860. Uso wa msanifu mlangoni ni saini. Kosa, kwa hiyo, haliko kwa mtunzi aliyetia saini, bali kwa upokezi wa baadaye ulioacha kuisoma.

Mwisho wa kazi unathibitisha usomaji huu. Septemba 1870 Napoleon III alitekwa huko Sedan na utawala wake ukaanguka. Mapambo ya ndani yalisimama kwa ukosefu wa fedha na silaha za ukumbini zikahamishiwa Paris. Viollet-le-Duc alifariki mwaka 1879. Mkwewe, Maurice Ouradou, aliendeleza kazi, ambayo hatimaye ilisimama mwaka 1885. Vyumba kadhaa vilibaki vitupu. Kwa mara ya pili kasri lilimpoteza aliyeliagiza kabla hajakaa ndani yake. Mwaka 1407 na mwaka 1870 zinajibizana, na jengo ambalo mara mbili lilitakiwa kuthibitisha madaraka limekuwa, mara mbili, ushahidi wa udhaifu wa madaraka hayo.

7.0 Coucy kama Kipimo

Ulinganishi na Coucy, katika mkoa jirani wa Aisne, unaongeza uzito wa hoja. Mnara wake mkuu, uliojengwa na Enguerrand III katika karne ya 13, ulikuwa na urefu wa zaidi ya mita 50. Viollet-le-Duc huyohuyo aliushughulikia katika miaka ya 1850, lakini kwa kuuimarisha tu ili usianguke. Alichokifanya Coucy kinakaribia sana kile ambacho Mkataba wa Venice ungekitaka zaidi ya karne moja baadaye. Kwa hiyo haiwezi kudaiwa kwamba hakujua njia nyingine. Tofauti ya majengo hayo mawili haikutokana na nadharia ya msanifu pekee, bali na mteja na fedha.

Mwaka 1917 jeshi la Ujerumani, likirudi nyuma, liliulipua mnara wa Coucy kwa baruti. Uhalisi uliotunzwa kwa uangalifu uligeuka lundo la mawe, na leo mtafiti wa mnara huo hutegemea, pamoja na vyanzo vingine, michoro na maelezo ya Viollet-le-Duc. Matokeo haya hayahalalishi ubunifu wa Pierrefonds. Yanaonesha tu kwamba utunzaji wa mawe na utunzaji wa maarifa ni kazi mbili tofauti. Coucy lilipoteza mawe, maarifa yakabaki vitabuni. Pierrefonds lilipata mawe mapya, na maarifa kuhusu gofu lake yakafunikwa na mawe hayo.

Msanifu mwenyewe alilirudia suala hili kwa njia ya fasihi. Mwaka 1874, baada ya kushiriki kama ofisa mhandisi katika ulinzi wa Paris, alichapisha *Histoire d'une forteresse*, kisa cha ngome ya kubuni iitwayo La Roche-Pont huko Burgundy, inayozingirwa tena na tena tangu enzi za Wagaul hadi mwaka 1814. Katika kitabu hicho ngome haina hali moja kamilifu ya kurejeshewa. Kila kizazi hubomoa, hujenga juu ya mabaki na kujifunza kwa kushindwa. Kwa maneno mengine, kitabu kinakiri jambo ambalo jengo lake la Pierrefonds halikuweza kulisema: historia ya ngome ni mfululizo wa mabadiliko, na kulichagua tabaka moja ni kuyanyamazisha mengine.

8.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba simulizi la mwasisi, uharibifu na urejeshaji halilitoshelezi kasri la Pierrefonds. Ngome ya Louis ilikuwa tayari na ubunifu wa nasaba ndani yake. Gofu la mwaka 1617 lilikuwa matini ya kisiasa iliyosomwa kwa zaidi ya karne mbili, na urejeshaji ndio ulioifuta. Jengo la sasa limetiwa saini na tarehe na mtunzi wake, na halipaswi kuitwa shahidi wa Enzi za Kati bila kubainisha ni ukuta upi na ni kimo kipi kinachozungumziwa.

Kuna tabaka jingine ambalo masimulizi yote yaliyohakikiwa hapa yanaligusa kwa shida. Nyuso za Eugénie, mabibi wa ikulu na msanifu zimechongwa kwenye jiwe, ilhali waashi na wachongaji waliofanya kazi kwa zaidi ya robo karne hawana uso wowote ukutani, wala wanakijiji walioishi chini ya mwinuko huo wakati wa ngome, wakati wa gofu na wakati wa jukwaa za ujenzi. Kubadili namna ya kulisoma kasri kutoka orodha ya wamiliki kwenda matabaka ya jengo kunafungua nafasi ya kuwauliza habari hao pia, kwa sababu wamiliki walikuja na kuondoka, lakini kila tabaka la ukuta lina mikono iliyolijenga. Utafiti zaidi unapendekezwa kuhusu hesabu za malipo na kumbukumbu za kazi za miaka ya 1858 hadi 1885, ambazo zisomwe kama sehemu ya matini ya kasri na kupewa uzito uleule wanaopewa Louis, Richelieu na Kaizari.